Ushuru wa Visheti

Jumamosi, 1 Septemba 1956

Visheti tena. Masinia mawili kabla jua halijapanda. Moja la nyumbani, moja la chuoni. Mikono inanuka samli na hiliki, na daftari limeshaingia doa. Kaka yangu alinipa niandike kila siku, herufi alizonifunza zisinitoke. Akiliona atasema nimeandika kwa mafuta.

Mwanangu Maimuna amekwenda chuo cha Kurani na sahani yake chini ya mtandio. Miaka kumi na mmoja. Amebakisha juzuu tatu tu akhitimu. Mwalimu wake, Bi Mwanamkuu, asema akienda hivi hivi atamaliza kabla Mfunguo Sita haujaandama. Basi khitima, karamu ya kumaliza, tutaifanya kabla watu hawajashughulika na Maulidi. Leso ya kumtunza mwalimu nimeshaichagua. Mume wangu Athmani sijamwambia.

Mwezi sasa tangu tuhamie Mkomani. Orofa hii mume wangu ameachiwa na shangazi yake. Kule Langoni tulikuwa na nyumba ya makuti, na ua, na kuku wetu. Hapa kuta za mawe, nene, mtu akiita chumba cha pili humsikii. Na wikio. Maisha yangu sijakaa nyumba yenye wikio. Chumba kimepita juu ya ndia, mlango mmoja kwetu, mlango wa pili kwa jirani, Bi Rehema. Wasichana wa mtaa huu hawashuki chini kwenda chuoni. Hupita wikioni, wakapanda ngazi za Bi Rehema, wakavuka madari matatu, mapaa bapa ya nyumba, wakateremkia kwa mwalimu. Ndia ya juu hiyo. Na mwanangu hupita huko, kama wao.

Nafurahi kupita kiasi. Najijua.

Jumatatu, 3 Septemba

Sahani imerudi tupu. Safi kama imelambwa.

Wenziwe wanampenda. Nilijua tu. Mtoto mgeni akiwa na kitu cha kugawa huzoeleka upesi. Nimemwambia Athmani. Akanijibu, "Basi kesho nami nipe sahani niende nayo karakanani, huenda mafundi wakanizoea." Alikwisha kula vitano alipokuwa akisema hayo.

Jambo moja lanikera. Bi Rehema. Nimemkuta darini nikianika mchele. Nimemwamkia kwa adabu zangu zote. Ameitikia nusu, akageuka kukunja nguo. Mwanawe Salma anasoma na Maimuna na anakula visheti vyangu kila siku. Mamake ananitazama kama anatazama ukuta. Nimemkosea nini? Labda hapendi watu wa Langoni. Sitaki kuwaza hivyo.

Jumatano, 5 Septemba

Samli imekwisha. Leo hakuna visheti.

Nilidhani si neno. Maimuna akasimama mlangoni kama aliyepigiliwa misumari. Akaniomba mkate. Nikamwambia mkate wa nini, si umekula. Akaomba tende. Akaomba hata muwa. Nikamfukuza kwa mzaha, nikamwambia nenda, leo watakula maneno yako matamu.

Hakupita wikioni. Alishuka ndia ya chini, peke yake, mbio. Adhuhuri amerudi mtandio umechanika, mato mekundu. Eti ameanguka.

Hakuanguka. Mtu akianguka huchubuka goti.

Alhamisi, 6 Septemba

Leo hawasomi. Nimemkuta ghalani, ameshika tende za babake, azifunga kwenye kitambaa. Sikumgombeza. Niliketi chini kando yake nikangoja. Mimi si mtu wa kungoja, lakini nimengoja.

Akasema yote.

Havigawi visheti. Hajavigawa hata siku moja. Kwenye ngazi za Bi Rehema hukaa Salma, miaka kumi na miwili, na rafikiye Rukia. Wanatoza ushuru, kama forodhani. Wewe si mtu wa huku juu, huambiwa, ukitaka kupita utoe. Huchukua sahani nzima. Akitoka chuoni humrudishia tupu. Na akija bila kitu, kama jana, humvuta mtandio na kumwimbia nyuma yake, mpaka kwa mwalimu:

"Makuti yavuya, mai yaingia." Yaani nyumba yetu ya Langoni inavuja maji.

Vya sahani yake mwenyewe hajaonja hata kimoja tangu tuhamie. Hata kimoja. Na mimi kila alfajiri nakaanga nikiimba.

Kisha akasema hataki tena. Hatakwenda chuoni. Juzuu tatu zibaki hapo hapo.

Nimemshika mpaka akalala mchana mapajani mwangu, mtu mzima vile, miguu imevuka mkeka. Nina hasira. Nina haya pia. Ushuru wao nilikuwa naupika mimi.

Ijumaa, 7 Septemba

Nimemwambia Athmani baada ya swala ya Ijumaa. Wali ulikuwa mbele yake, hakuugusa. Mtu huyu hajui kupiga kelele. Akikasirika huchonga. Alitoka, akarudi na kipande cha mti wa mbambakofi, akakipima, akakipiga randa, akakipigilia kukata mlango wa wikio. Komeo la haja. Ng'ombe hapiti.

"Aende kwa ndia ya chini kama watu," alisema.

"Haendi kwa ndia yoyote," nikamwambia. "Hataki kwenda."

Akaiweka nyundo chini. Halafu akamwita Maimuna, akampa maranda yaliyojikunja, yale mtoto alikuwa akiyavaa masikioni kama vipuli alipokuwa mdogo. Maimuna akayavaa. Tulicheka wote watatu. Dakika moja tu, lakini tulicheka.

Komeo silipendi. Mlango umefungwa na waliofungiwa ni sisi.

Jumatatu, 10 Septemba

Siku ya tatu hakwenda.

Nimevaa buibui, nimekwenda mwenyewe kwa Bi Mwanamkuu. Mwalimu huyu ni mwanamke mnene, mpole, na sauti inayopita kuta. Nimemweleza. Akasikitika. "Hapa kwangu hawagombani, mwanangu," alisema. "Mkekani wanakaa kama malaika. Ya kwenye ngazi siyaoni." Nikamuuliza atanisaidiaje. Akasema anaweza kuwachapa, hapo hapo, nikitaka. Lakini wakichapwa huku, atayalipa Maimuna kule. Kweli.

Nafasi yake atamwekea mpaka Jumamosi. Baada ya hapo waliobakisha kidogo wataendelea mbele, naye atasubiri mpaka Maulidi yapite. Na mtoto akisubiri sana, alisema, huota mizizi nyumbani.

Nilirudi kwa ndia ya pwani ili nilie kidogo kabla ya kufika. Upepo wa kusi ukanikausha, hata kulia sikuwahi. Hilo nalo likanichekesha.

Jumanne, 11 Septemba

Nimekwenda kwa Bi Rehema kumwambia mwanawe anamwonea mwanangu. Nimekwenda kwa mlango wa mbele, wa chini, nikapiga hodi kama mgeni.

Naandika niliyoyafanya. Nimeulizwa hali, nikasema njema. Nikauliza hali, akasema njema. Watu wa Langoni? Wazima. Mume? Mzima. Ikaja kahawa. Nikanywa. Nikaisifu. Ikaja ya pili. Nikasifu vikombe. Nikasifu zidaka zilizochongwa ukutani, na kweli ni nzuri. Yeye aliitikia kila kitu kwa heshima na baridi, kama mtu anayesubiri nimwambie neno fulani, na mimi neno langu nikalimeza pamoja na kahawa. Kahawa ya tatu. Nikasema jua limekwenda. Nikaaga.

Nimerudi bila kusema lolote.

Maimuna alikuwa ananingoja juu ya ngazi. "Umemwambia?" Nikasema kesho. Akanitazama. Mtoto ana mato ya babake.

Nimejichukia mchana kutwa. Mwoga. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita.

Jumatano, 12 Septemba

Sijui nianze wapi. Mbavu bado zinaniuma.

Nilikaanga visheti, maana mikono mitupu ndiyo iliyonishinda jana. Nikavitia kwenye sahani ile ile ya maua ya buluu. Nikaenda. Nikaapa nitasema kabla ya kahawa.

Bi Rehema akanifungulia. Akaitazama ile sahani. Hakuitazama kama mtu anavyotazama visheti. Akasema, polepole:

"Bi Zuhura. Mimi nakuheshimu. Lakini sahani hii naijua kuliko ninavyokujua wewe. Kila siku yaingia humu, na kila siku naitoa imejaa. Leo mwezi. Hata ahsante sijaisikia."

Nikasema sikuelewa.

"Mkate wa mofa hukuupata?"

"Mkate gani?"

"Na halwa? Na yule papa wa nazi nilimpika makusudi kwa sababu niliambiwa watu wa Langoni mwapenda papa?"

"Bi Rehema, papa gani?"

Tukatazamana. Akasema juzi Jumapili alikuja mwenyewe na bakuli, kuniuliza kama naumwa, maana visheti vimekatika. Akasukuma mlango wa wikio. Umekomewa. Akasukuma tena. Akarudi na bakuli lake, akaona hakukosea kuninyamazia mwezi mzima. Mimi nikamwambia visheti sikumletea yeye. Nilivipeleka chuoni. Nikamwambia ya ngazi, na ushuru, na makuti. Sasa yote yakatoka, wala sikukwama.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaita, bila kupaza sauti, "Salma."

Salma alishuka akiwa na kitana kichwani. Akaona sahani katikati yetu sisi wawili. Akakaa chini bila kuambiwa.

Siku ya kwanza, alisema, mamake alimfuma na sahani mkononi. Akaona amwambie, jirani amekuletea. Mamake akafurahi, akaijaza, akasema mrudishie. Hapo ikawa taabu, kwa sababu kila siku mamake alikuwa akiuliza, leo Bi Zuhura hakuleta? Ikabidi aendelee kutoza. Alivyosema ungemhurumia, kama karani aliyeelemewa na kazi. Na vilivyorudishwa? Yeye na Rukia walivila darini.

"Vyote?" akauliza mamake.

"Papa tulimpa paka. Alikuwa na pilipili."

"Na halwa?"

"Halwa hatukumpa paka."

Bi Rehema akaziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Nikaona mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Mwanamke yule alikuwa anacheka. Nami nikashikwa. Tulicheka mpaka nikashika ukuta, wenyewe hatujui tunacheka nini, mwezi mzima kila mmoja amemwona mwenziwe hana adabu, na kumbe wanalishwa watoto wawili na paka.

Salma yeye hakucheka. Akadhani amepona, akajaribu kutabasamu. Mamake akaushusha ukaya mdomoni.

"Wewe bado," alimwambia.

Alhamisi, 13 Septemba

Bi Rehema alitaka bakora. Nimemwomba asimchape. Si kwa wema tu. Nilikumbuka neno la mwalimu, atakayelipa ni mwanangu. Tumekaa wikioni, mimi na yeye na Athmani nyuma ya mlango akisikiliza na kukohoa, tukakubaliana hivi: wametoza visheti, basi wajifunze kuvifanya. Kila Alhamisi, Salma na Rukia, jikoni kwangu. Fundi wao ni Maimuna. Vikishaiva, vinapelekwa kwa kila nyumba yenye msichana wa chuo, na Salma ndiye abebaye sinia, kwa ndia ya chini, watu wamwone.

Athmani amefungua komeo. Limemchukua muda mrefu kuliko kulifunga. Alikuwa amelipenda.

Jikoni leo. Maimuna alianza kwa sauti ndogo. "Unga huchekechwa kwanza." Salma akachekecha, nusu chini. "Usikande kama wafua." Baada ya saa moja sauti ilikuwa imekua. Vya Salma vilitoka vikubwa, vinene, ndani vibichi. Maimuna akakigeuza kimoja mkononi akasema, "Hiki ni kiatu." Kisha Salma akakishusha chini akakipima mguuni. Walianguka wakicheka, unga mpaka kwenye kope. Rukia naye alicheka, nyuma kidogo. Rukia ni mtoto wa kimya, analelewa na bibi yake nyumba ya tatu.

Salma amemwomba radhi Maimuna mbele yetu. Haraka haraka, mato chini. Si radhi kubwa. Nimeipokea.

Jumamosi, 15 Septemba

Amekwenda.

Kwa ndia ya juu, bila sahani, mikono mitupu. Nilisimama wikioni nikimsikiliza mpaka nyayo zikaisha. Hakuna aliyeimba.

Jumatano, 19 Septemba

Amemaliza juzuu moja. Zimebaki mbili. Leo ameingia na kibanio cha nywele cha Salma, amekiazima. Salma naye ameazima mtandio wake. Wanaitana kutoka dari hadi dari kama makinda ya ndege. Bi Rehema amenipikia papa wa nazi, safari hii amemleta mwenyewe na akakaa mpaka nikala mbele yake.

Ana pilipili kweli.

Athmani nimemwambia habari ya leso ya mwalimu. Akasema alijua, nimeificha mahali anapoweka patasi zake.

Alhamisi, 20 Septemba

Siku nzuri mpaka alasiri. Nataka kuiandika sawasawa.

Watoto walikuja mapema. Salma sasa anajua. Vyake vinafanana na visheti. Yeye na Maimuna walikaa kibao kimoja, bega kwa bega, wakiviringisha. Rukia akapewa kuosha sufuria. Kisha karai. Kisha akapewa kupepea moto. Kila aliposogea kwenye unga, Maimuna akasema, "Wewe bado." Nilisikia. Nikaona ni ufundi wake tu.

Rukia ana miaka kumi na mmoja na bado yuko juzuu za watoto wadogo. Kila mtu anajua. Maimuna akamwambia, "Tuhesabie hivi, Rukia. Au na hesabu hujafika?"

Salma akacheka. Na mimi nikacheka.

Nimeandika. Nilicheka. Lilikuwa limesemwa vizuri, na aliyelisema ni mwanangu aliyekuwa akilia juzi, na nafsi yangu ikafurahi kumwona yuko juu. Kisha nikaiona shingo ya Rukia. Alikuwa ameuelekea ukuta, anasugua karai lililokwisha takata, anasugua tu.

Aliondoka kabla visheti havijapoa. Hakuchukua.

Ijumaa, 21 Septemba

Nimemwambia Maimuna alichofanya ni kile kile alichofanyiwa. Akasema si kile kile, yeye hakuchukua kitu cha mtu. Nikasema amechukua. Akasema, "Lakini walinianza wao, mamangu. Rukia naye aliimba."

Ni kweli, Rukia naye aliimba. Nilienda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Athmani asema kosa ni letu. Tulimpa ufalme, hatukumwambia una mipaka. Alisema akipiga msasa mguu wa kiti, bila kunitazama, ili nisione haya. Mume wangu ni mtu mwema na leo ameniudhi kwa kuwa sahihi.

Jumapili, 23 Septemba

Rukia hakwenda chuoni jana wala leo. Bibi yake amesema tumbo. Mimi tumbo hilo nalijua.

Jumatatu, 24 Septemba

Nimesema neno gumu leo.

Maimuna amebakisha juzuu moja na kurasa chache. Wiki hii angemaliza. Bi Rehema ameshaniahidi sinia zake na nazi. Nimemwita Maimuna nikamwambia: hakuna khitima mpaka Rukia arudi kukaa mkekani. Utasoma, utamaliza, lakini watu sitawaita.

"Na asiporudi?"

"Basi Maulidi yatapita na wewe hujakhitimu mbele ya watu."

Alinitazama kama mimi ndiye niliyekaa kwenye ngazi. Akasema hiyo khitima naitaka mimi kuliko yeye. Akaingia ndani.

Hapo amenipata. Naitaka. Tangu alipozaliwa naitaka. Mimi niliolewa nikiwa juzuu ya kumi na tano na sikurudi tena.

Sijabatilisha.

Jumanne, 25 Septemba

Maimuna hatoki chumbani. Amekula ndizi moja. Salma alikuja kumwita, akajibiwa ana kazi. Hakuwa na kazi.

Nilitaka kumwambia basi, yaishe. Mara tatu nilifika mlangoni. Athmani akanishika mkono akasema tukavunje karanga. Tumevunja karanga nyingi mno.

Jumatano, 26 Septemba

Baada ya alasiri nimemwona anajifunga mtandio. Hakusema aendako. Alishuka ndia ya chini, maana nyumba ya bibi yake Rukia haina mlango wa juu. Mikono mitupu. Nilitaka kumpa kitu cha kupeleka, nikauuma ulimi. Tumeshatuma visheti vya kutosha.

Nilikaa dirishani. Mtu hawezi kuona chochote kutoka dirisha lile ila ukuta wa mbele. Niliutazama ukuta.

Amekawia. Amerudi jua likiwa limelala juu ya madari. Amekaa karibu yangu. Sikuuliza. Akasema mwenyewe:

"Amenifukuza. Nikakaa mlangoni. Bibi yake akasema huyu ataota hapo. Ndipo akatoka."

"Mkasema nini?"

"Mambo yetu."

Basi.

Alhamisi, 27 Septemba

Rukia amekuja jikoni. Amekaa kwenye unga. Vyake vimetoka vidogo, vimepindwa vizuri kuliko vya wote, kuliko hata vyangu. Bibi yake humsukisha ukili wa mikeka tangu ana miaka minne, vidole vyake vina akili. Salma ameviangalia akasema, "Kumbe." Maimuna akaondoka kwenye kibao cha fundi bila kuambiwa, akamsogezea Rukia, yeye akachukua upepeo wa moto.

Moshi ukamwingia matoni, akalalamika sana. Sikumwondolea.

Jumatatu, 1 Oktoba

Amekhitimu.

Rukia alirudi mkekani Jumamosi, nami nikawaita watu. Leo asubuhi, kwa Bi Mwanamkuu, mbele yetu. Chumba kimejaa mpaka ngazini. Athmani na wanaume kibarazani chini, dirisha wazi ili asikie. Maimuna amevaa leso mpya, sauti imemtetemeka aya ya kwanza, kisha ikakaa. Mwanangu ana sauti. Sikujua. Nyumbani husoma kwa kunong'ona. Alipofika sura za mwisho, zile fupi tunazozijua sote, wanawake wakaanza kumfuatisha kwa midomo, na mimi nikamfuatisha, na nikaona Bi Rehema upande wa pili machozi yamteremka na hayafuti.

Mwalimu akamwombea dua. Akampaka mafuta mazuri. Leso nikampa, akaifungua hapo hapo akajitanda.

Halafu vigelegele. Halafu kula. Visheti vya Rukia viliisha kwanza, watu wakauliza fundi ni nani, bibi yake akajibu kabla yake. Salma alibeba masinia tangu mwanzo mpaka mwisho na akalalamika kwa kila mtu kwamba mgongo unamwuma. Alikuwa amefurahi. Athmani alinipungia mkono kutoka barazani kama kijana asiye na adabu. Nimempungia.

Sijapata kuwa na siku kama hii. Nimeyasema haya siku niliyoolewa, na siku aliyozaliwa yeye. Mara zote ilikuwa kweli.

Miguu imekwisha kwa kusimama.

Jumatano, 3 Oktoba

Nyumba imetulia. Nimerudisha masinia ya watu. Mvua ndogo asubuhi, kisha jua.

Aliyekhitimu hana lazima ya kwenda chuoni. Maimuna amekwenda. Nilidhani anapeleka salamu. Adhuhuri hakurudi, nikapanda madari mpaka juu ya nyumba ya mwalimu nikachungulia uani. Alikuwa amekaa na Rukia pembeni mwa mkeka, msahafu katikati yao. Rukia anasoma, kidole chini ya herufi. Akikwama, anakaa. Maimuna anakaa naye. Hamtamkii. Niliona midomo yake imebanwa kwa nguvu, asimtamkie.

Nilirudi bila kuonekana.

Amekuja alasiri, koo limekauka, ameomba maji. Nikamuuliza wamefika wapi.

"Ukurasa na nusu," amesema.

Kisha akauliza kama kuna chakula. Nikampakulia.